Pipa la Sita

Leokadia Kihwele aliwaambia wagonjwa kwa kinywa chake mwenyewe kwamba hakuna atakayepewa unga mtupu. Aliwaambia kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kihehe kwa ajili ya wazee waliokuwa wakiitikia kwa heshima tu, bila kuelewa. Walikuwa kumi na wanne, wamekaa kwenye viti vya mbao katika ukumbi wa Nyumba ya Misonobari, kituo cha kutunza wagonjwa juu kidogo ya Mafinga, wamejitanda mablanketi kwa ubaridi wa Juni. Wote walikuwa na saratani, na wote walikuwa wamejaa maji mahali yasipotakiwa: tumboni, miguuni, wengine hadi kifuani.

"Zamani," aliwaeleza, "ili dawa ithibitishwe, watu waligawanywa. Huyu anapewa dawa, yule anapewa unga unaofanana nayo lakini hauna kitu, na hakuna anayejua kapewa kipi. Sisi hatufanyi hivyo. Kila mmoja wenu atakuwa na pacha."

Akagusa ukuta wa kioo nyuma yake. Umbo la mtu likajichora pale, limekaa, linapumua, na ndani ya tumbo lake rangi ya buluu ikachezacheza.

"Kiraka hiki tunakibandika hapa chini ya mbavu. Kinapima maji na chumvi mwilini mwako muda wote, kinamwarifu pacha. Unavyoumwa wewe, naye anaumwa vivyo hivyo. Sasa wewe unakunywa dawa ya kweli. Unga mtupu anakunywa yeye, humo kiooni. Halafu tunawalinganisha."

Mzee Lupyana Sanga, seremala mstaafu mwenye tumbo kubwa kuliko wote, aliinua mkono. "Na pacha wangu akifa?"

"Tunamfuta, Mzee. Tunaanza mwingine."

Watu wakacheka. Wa kwanza kutia dole gumba kwenye fomu ya ridhaa alikuwa Yustina Kihwele, dada wa baba yake Leokadia, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita.

"Kama mwanangu kasema," shangazi aliwatangazia wenzake, "mimi sina swali."

Ndipo wengine wakapanga foleni.

*

Miezi mitano baadaye, Mzee Lupyana alikuwa ameomba aletewe randa na vipande vya mbao, maana tumbo lilikuwa limeshuka na mikono ilikuwa ikimwasha kwa kukosa kazi. Shangazi Yustina alikuwa ametolewa maji kwa sindano mara nne, na bado alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, akihema kama mtu aliyepanda mlima.

Leokadia alishindwa kuelewa. Yeye ndiye aliyekuwa mfamasia wa kituo, na kila asubuhi saa moja ndiye aliyeamsha mashine ya kuchanganyia, ambayo wafanyakazi waliipa jina la Mpishi. Mpishi alikuwa na mapipa matano mbele. La kwanza lilikuwa la uyoga mweupe, ule unaoota kwenye mizizi ya misonobari na ambao wakulima wa Mufindi walikuwa wamejifunza kuupanda tangu enzi za bibi zao. La pili, uyoga mweusi. Kisha kiazi cha majini, mzizi mweupe, na vijiti vya mdalasini. Vyote vilikuwa vimechemshwa, vikachujwa, vikakaushwa kuwa unga laini. Fomula yenyewe ilikuwa ya Wachina wa kale, ya kuyasukuma maji mwilini yaende njia yake. Haikuponya saratani, na hakuna aliyedai inaponya. Ilichoahidi ni kidogo: mtu apumue bila kushindana na kifua chake, ageuke kitandani bila kusaidiwa. Kipya kilikuwa Mpishi, aliyemsoma kila mgonjwa kupitia pacha wake na kubadilisha vipimo kila kulipokucha, leo mdalasini zaidi, kesho kiazi pungufu, kisha akafunga pakiti na kuichapa jina.

Nyuma ya hayo matano kulikuwa na pipa la sita, dogo. Leokadia alilijaza kila Jumatatu unga wa muhogo uliotiwa harufu ya mdalasini na uchungu kidogo.

"Huo ni wa kusafishia mabomba," Daktari Subilaga Mwaipaja alikuwa amemwambia siku ya kwanza. "Umetiwa harufu ili usiharibu ladha ya dawa."

Leokadia hakuuliza zaidi. Daktari Subilaga alimfundisha chuoni, akamtetea mbele ya wakuu waliotaka kumrudisha nyumbani mwaka wa pili alipofeli, na ndiye aliyekuja kumchukua Iringa akamwambia, "Nimepata jengo, nimepata kibali. Bado mtu tu, na mtu huyo ni wewe." Mtu wa namna hiyo humuulizi kuhusu unga wa kusafishia mabomba.

Kuhusu shangazi aliuliza, mara mbili. Mara zote daktari alimshika bega. "Miili haifanani, mwanangu. Tumpe muda."

*

Alhamisi moja aliingia chumbani kwa shangazi akiwa na pakiti ya siku, akakuta sura ya shangazi imekunjamana.

"Kamwene, shangazi," alimsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene. Hebu njoo uone mambo ya dawa yako. Imekuwa uji."

Leokadia alicheka. "Uji?"

"Si mnasema nikoroge kwenye maji ya uvuguvugu? Jana nilisikia baridi, nikamwomba yule binti wa jikoni anipe maji yanayotokota. Nikakoroga, nikanywa nusu. Hiyo iliyobaki, itazame."

Alitwaa kikombe. Ndani kulikuwa na kitu kizito chenye kung'aa, kimeganda, kijiko kimesimama wima katikati. Alikitingisha, hakikumwagika.

Akaacha kucheka.

Uyoga hauwi uji. Mizizi iliyochemshwa ikachujwa haiwi uji. Wanga wake wote umebaki kwenye makapi. Leokadia alikuwa amechanganya dawa hii maelfu ya mara, kwa maji baridi na ya moto, na kila mara ilikuwa nyepesi kama chai, na mashapo ya kahawia chini.

"Vipi, imeharibika?" shangazi aliuliza.

"Sijui bado, shangazi. Naomba hii ya leo usinywe kwanza."

"Unaniachaje bila dawa, na hali yangu hii?"

Leokadia alibeba kikombe na pakiti mpya, akatoka akitembea haraka, kisha akakimbia.

Maabarani alimwaga unga wa pakiti ya shangazi kwenye kisahani kimoja, na wa pakiti ya Mzee Lupyana kwenye kingine. Akadondoshea kila kimoja tone la aidini, jaribio ambalo hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza hulifanya kwa kipande cha kiazi. Unga wa Mzee Lupyana ulibaki na rangi ya kahawia ya aidini yenyewe. Wa shangazi ukageuka buluu iliyokoza, kisha mweusi tititi kama wino.

Alikaa akiutazama muda mrefu. Kisha alifanya jambo ambalo tangu aanze kazi hakuwahi kulifikiria. Alikwenda nyuma ya Mpishi, akafunga koki ya pipa la sita kwa mkono, akarudi mbele na kuiagiza mashine iandae pakiti za kesho.

Mpishi alinguruma, akapima, akafunga pakiti kumi moja baada ya nyingine. Halafu akanyamaza. Sauti yake tulivu, ile aliyoizoea kama sauti ya mwenzake wa kazi, ikasema:

"Pakiti nne hazijakamilika. Kiungo cha sita hakipatikani. Yustina Kihwele. Tulinagwe Mligo. Benedikta Chengula. Osmundi Luvanda. Tafadhali fungua koki."

*

Daktari Subilaga alikuwa ofisini, miwani juu ya paji la uso, akisoma kurasa za ripoti. Aliinua kichwa, akaona kikombe mkononi mwa Leokadia, na uso wake haukushtuka. Hilo ndilo lililomuumiza Leokadia kuliko yote yaliyofuata: kwamba uso ule ulikuwa umejiandaa.

"Funga mlango," daktari alisema.

"Ni kweli?"

"Kaa kwanza."

"Mama Daktari, nakuuliza, ni kweli?"

"Ni kweli."

Leokadia alibaki amesimama.

"Miaka kumi na miwili iliyopita," daktari alisema, "nilikuwa kwenye jaribio jingine, nchi nyingine. Dawa nyingine ya maji. Pacha kiooni walikuwa wakimeremeta, kila pacha anasema dawa ni salama, dawa inafaa. Tuliwaamini. Chumvi iliwashuka watu mwilini na pacha hawakuiona. Tulizika watu kumi na mmoja, Leokadia. Hakuna pacha hata mmoja aliyekufa. Nikaapa kwamba sitampa mtu tena dawa kwa ushahidi wa kivuli. Nilihitaji miili ya kweli isiyopata dawa, michache tu, ya kuwapimia pacha. Wanne. Baraza la Dawa wanajua. Imo kwenye fomu."

"Wapi kwenye fomu?"

"Ukurasa wa kumi na tisa. 'Au mwili mbadala wa kulinganishia.'"

"Wale wazee wametia dole gumba! Nani aliwasomea ukurasa wa kumi na tisa? Mimi ndiye niliyewaeleza. Kwa lugha ya mama zao. Niliwaambia hakuna atakayepewa unga mtupu!"

"Najua ulichowaambia."

"Basi kwa nini hukuniambia mimi?"

Daktari alivua miwani, akaiweka mezani taratibu. "Kwa sababu wangekusoma usoni. Wewe huwezi kusema uongo, hujawahi kuweza. Ndiyo maana nilikufuata Iringa. Nilihitaji mtu ambaye watu wakimtazama wataamini, na mtu wa hivyo ni lazima naye awe anaamini."

Maneno yale Leokadia alikuwa ameyabeba moyoni miaka yote, *bado mtu tu, na mtu huyo ni wewe*, akiyatoa na kuyafuta vumbi kila alipochoka. Kumbe yalikuwa na maana hii.

"Na shangazi yangu?" aliuliza. "Ulimchagua?"

"Mashine ilipiga kura."

"Lakini uliona jina lake."

"Niliona."

"Na ungeweza kulibadilisha."

"Ningeweza. Halafu lingekuwa jina la shangazi wa mtu mwingine. Ulitaka nifanye hivyo?"

Ndiyo, Leokadia alitaka. Aibu ikampanda shingoni, na hasira juu ya aibu.

Daktari aliona, akaegemea mbele, sauti ikalainika. "Nisikilize. Zimebaki siku tisa. Baraza wakisoma matokeo, dawa hii itaingia kila wodi ya saratani nchini. Unajua inavyofanya kazi. Umemwona Mzee Lupyana. Ukisema leo kwamba hawakuelezwa, jaribio linabatilika, na Baraza wanamfunga Mpishi siku hiyohiyo. Na wale kumi wanaopona matumbo watajaa tena. Siku tisa, mwanangu. Jumamosi ya wiki ijayo nitampa Yustina dawa kwa mkono wangu mwenyewe."

"Wote wanne watakuwa hai Jumamosi ya wiki ijayo?"

Daktari Subilaga alichukua miwani, akaivaa.

"Usiniite mwanangu," Leokadia alisema, akatoka.

*

Siku ile nzima alizunguka na siri ile kama mtu aliyemeza mfupa. Alipita ukumbini akamwona Mzee Lupyana akipiga randa, maganda ya mbao yakimwangukia miguuni, miguu iliyokuwa imevimba kama magogo na sasa ilikuwa na vifundo tena. Alimpungia mkono. Mzee akampungia pia, akiwa na furaha yake. Leokadia aliwaza: huyu nitamrudisha kitandani mimi.

Kisha akapita chumbani kwa Benedikta Chengula, akamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, anatafuta pumzi. Benedikta alimtazama kwa matumaini. "Nimekunywa yote, dada. Sikubakiza hata tone."

Hapo ndipo mambo yalipoamuliwa, ingawa miguu yake ilichukua saa nyingine nzima kukubali.

Aliliandikia Baraza barua kwamba wagonjwa hawakuelezwa ukweli, akaituma. Kisha aliwakusanya wote kumi na wanne ukumbini, wengine wakisukumwa vitini, akasimama palepale aliposimama Juni. Hakutumia ukuta wa kioo. Aliwaeleza kuhusu pipa la sita, na kwamba ni yeye aliyekuwa akilijaza. Akataja majina manne. Alisema kwa Kiswahili, akarudia kwa Kihehe, na ile mara ya pili ndiyo iliyokuwa ngumu, kwa sababu katika Kihehe hakukuwa na maneno ya kitaalamu ya kujificha nyuma yake. Ilibidi aseme tu: *mlipewa muhogo*.

Osmundi Luvanda, kijana wa miaka thelathini aliyekuwa na saratani ya ini, alianza kulia bila sauti. Mama Tulinagwe Mligo aliuliza kama muhogo huo ulikuwa umemdhuru. Alipoambiwa hapana, alisema "haya," akaomba arudishwe chumbani.

"Na sisi tuliokuwa tukipata?" Mzee Lupyana aliuliza. "Kesho tunapata?"

"Hapana, Mzee. Mashine imefungwa. Baraza wameifunga kutoka Dodoma nusu saa iliyopita."

Mzee aliitazama miguu yake. "Kwa hiyo umewanyima wanne kwa kutojua, na sasa unatunyima kumi kwa kujua."

"Ndiyo, Mzee."

"Ungesubiri siku tisa."

"Ndiyo."

"Sawa," mzee alisema. "Nilitaka tu tuelewane." Akachukua randa yake, akaondoka bila kumtazama tena.

Shangazi Yustina alikaa mpaka wa mwisho. Leokadia alimwendea, akapiga magoti mbele ya kiti chake kama alivyofundishwa naye utotoni.

"Shangazi, sikujua."

"Nimesikia."

"Nisamehe."

Shangazi alihema, akapumzika, akahema tena. "Kila asubuhi uliingia ukaniuliza, 'Shangazi, umemaliza yote?' Miezi mitano. Nikiwa na kichefuchefu, nikiwa sitaki hata maji, nilijilazimisha kwa sababu ni wewe unayeuliza. Nikajilaumu kwamba mwili wangu ndio mkaidi. Nilimwomba Mungu msamaha kwa ukaidi wa mwili wangu."

Leokadia aliweka kichwa magotini kwake. Shangazi hakumsukuma, lakini mkono wake haukushuka kumgusa.

*

Leseni ya Leokadia ilisimamishwa siku ya tatu. Siku ya nne alikwenda kwa wakulima wa uyoga, akarudi na gunia la uyoga mweupe wenye udongo wa msituni. Viungo vingine aliviomba kwa mganga mmoja wa Kichina wa Makambako, mzee aliyezaliwa hapohapo, ambaye alimsikiliza hadi mwisho kisha akampimia bila neno. Aliwasha moto jikoni kwa ndugu wa wagonjwa, kibandani nyuma ya kituo, ambako sheria ya Baraza haikuwa imefika. Akaanza kuchemsha kwenye sufuria ndogo, moja kwa kila mgonjwa. Hakuwa tena na kiraka wala pacha. Alibonyeza vifundo vya miguu kwa kidole na kutazama shimo linachukua muda gani kujaa; alitazama ndimi; aliuliza nani amekojoa na mara ngapi. Aliandika kwenye daftari.

Siku ya tano Daktari Subilaga alipita mlangoni mwa kibanda akiwa na begi lake. Gari lilikuwa likimsubiri barabarani, la kumpeleka mbele ya Baraza. Alionekana amezeeka.

"Mpunguzie Lupyana kiazi cha majini," alisema. "Nusu. Figo zake zilianza kuchoka wiki mbili zilizopita. Ilikuwa kwenye ripoti."

Leokadia aliendelea kukoroga.

"Unaweza usiniamini," daktari alisema.

"Nitajuaje kama ni kweli?"

"Hutajua." Akasubiri kidogo, labda neno la kwaheri. Halikuja, akaenda.

Leokadia alisimama na kiazi mkononi hadi alipolisikia gari limekwisha kukata kona. Alikumbuka kila alichokijua kuhusu mwanamke yule, mema na mabaya, na hakuna kilichomsaidia. Mwishowe alikata kiazi kwa nusu, akatupa nusu ndani ya sufuria ya Mzee Lupyana, na akachukia kwamba mkono wake bado ulimwamini.

Aligawa vikombe kumi na tatu. Mzee Lupyana alipokea chake bila salamu, akanywa. Osmundi alikunywa amefumba macho. Cha kumi na nne alikibeba mwenyewe hadi chumbani kwa shangazi.

Shangazi alikuwa ameketi kwenye mito yake. Alikitazama kikombe, akanusa mvuke, akamtazama aliyekileta.

"Kunywa wewe kwanza," alisema.

"Shangazi, ni dawa ya kweli. Nimeichemsha kwa mikono yangu."

"Hata ile ilipita mikononi mwako. Kunywa."

Leokadia alikunywa. Ilikuwa chungu, ya moto, nyepesi kama chai. Shangazi alimkazia macho kooni mpaka akaona imeshuka. Ndipo akanyoosha mikono yote miwili, akapokea, akanywa polepole mpaka mwisho.

Wiki moja baadaye kifua kilifunguka kidogo, akaweza kuondoa mto mmoja. Alimwambia muuguzi, hakumwambia Leokadia. Aliishi siku arobaini na moja zaidi, na katika siku hizo walizungumza mengi, kuhusu marehemu baba yake Leokadia, kuhusu shamba, hata wakacheka. Lakini hakuna asubuhi hata moja aliyogusa kikombe kabla ya kumwona Leokadia amemeza.